Kinamasi Katika Shamba Lako: Nani Atakulipa?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima wa Uasin Gishu mjini Eldoret na mfasiri wa Serikali. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wote wenye mashamba kando ya mito na mabonde.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya vinamasi, yaani zile sehemu za shamba zenye majimaji, ambazo siku hizi katika maandishi huitwa ardhi oevu. Mimi si bwana shamba, wala si mwanasheria. Kazi yangu ni kufasiri sheria na matangazo, ili yale yaliyoandikwa kwa Kiingereza yasomeke kwa Kiswahili. Lakini mtu afasiriye sheria kila siku hujifunza jambo moja: huona mahali sheria inapoamrisha, na huona pia mahali inapoahidi. Katika habari ya vinamasi, wengi wenu mmekwisha kusikia amri. Ni wachache waliosikia ahadi. Leo nataka tuyatazame yote mawili.

Tuanze na mfano. Mzee mmoja ana shamba la eka ishirini na wana wanne. Uzee umemfikia, naye anataka kuligawa shamba kabla hajafa, ili wanawe wasije wakagombana. Basi kila mwana apata eka tano. Watatu wapata sehemu ya juu, yenye udongo mzuri wa kulimwa kwa trekta. Wa nne apata sehemu ya bondeni, na katika eka zake tano, tatu ni matete, ndago na maji. Ndugu zake wanapanda mahindi na kujaza magunia. Yeye, atakapo kuchimba mfereji ili aukaushe mti wa matete apate mahali pa kupanda, aambiwa na mkubwa wa mazingira, "Hapana, hairuhusiwi."

Mtu huyu huuliza swali moja tu: "Ndugu zangu watapeleka mahindi ghalani, mimi nitapeleka nini? Karo ya watoto wangu nitailipa kwa matete?" Swali hili si la mtu mkaidi. Ni swali la haki, na lastahili jibu la haki.

Lakini kabla ya kulijibu, yatupasa tujue kwanza kinamasi kinafanya kazi gani.

KAZI YA KINAMASI

Nchi yetu hii ya Uasin Gishu ni uwanda wa juu. Mvua yake huanza kunyesha kwa kawaida mwezi wa Machi au Aprili, ikaendelea mpaka karibu na Septemba au Oktoba. Baada ya hapo huja miezi ya ukavu, na hasa Desemba, Januari na Februari ni miezi ya shida. Sasa, maji ya mvua ya Agosti hufikaje mwezi wa Februari? Mengine hukaa chini ya ardhi, mengine hukaa msituni katika udongo wenye majani yaliyooza, na mengine hukaa kinamasini. Kinamasi ni kama sifongo. Wakati wa mvua hunywa maji na kuvimba. Wakati wa ukavu huyatoa kidogo kidogo, na mto ukaendelea kutiririka. Ukikichimbia mfereji, maji yote huondoka kwa siku chache, nawe mwezi wa Februari huona mto umebaki mawe matupu.

Tena kinamasi huchuja maji. Udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashambani, pamoja na mbolea na dawa za kunyunyizia, hukamatwa katika mizizi ya matete, na maji hutoka upande wa pili yakiwa safi zaidi. Pasipo kinamasi, tope hilo huingia mtoni, na kutoka mtoni huingia katika bwawa la maji ya mji.

Mji wenyewe mwaujua. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti mwaka 2024, na watu wake wanazidi kila mwaka. Mto Sosiani, upitao katikati ya jiji, hupata maji yake huko juu upande wa Kaptagat. Na bwawa la Chebara, ambalo huleta maji mengi Eldoret, liko Elgeyo-Marakwet katika milima ya Cherangani. Kwa hiyo mtu afunguaye mfereji wa maji katika nyumba ya mjini anakunywa maji yaliyotunzwa na mkulima asiyemjua hata kwa jina. Wala habari haiishi Eldoret. Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia huteremka mpaka Budalang'i, kisha huingia Ziwa Victoria. Ninyi nyote mmekwisha kusikia habari za mafuriko ya Budalang'i. Kila kinamasi kinachokaushwa huku juu huongeza mzigo wa maji kwa watu wa kule chini.

Na wako viumbe wengine wasiokuwa na mahali pengine pa kuishi. Korongo mwenye taji, ndege yule aliye katika bendera ya Uganda, hujenga kiota chake katika nyasi za kinamasi. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa duniani kuwa ndege aliye hatarini kutoweka. Mnyama aitwaye nzohe, ambaye kwato zake ndefu zimeumbwa kwa kutembea topeni, ana hifadhi yake katika Kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, iliyoanzishwa mwaka 1974, nayo ni hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa katika Kenya. Vile vile nzohe wako katika kinamasi cha King'wal huko Nandi, katikati ya mashamba ya watu. Huko, maisha ya mnyama yamo katika mikono ya mkulima.

Basi tumeona: kinamasi kimoja kina faida kwa watu wengi, bali hasara ya kukiacha ni ya mtu mmoja. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

SERIKALI ILIPOLIPA ILI ARDHI IVUNJWE

Huenda mtu akasema, "Tangu lini mtu akalipwa kwa kuacha ardhi?" Nami namjibu: Serikali zimekwisha kulipa watu siku nyingi juu ya ardhi zao, ila zililipa kwa kazi iliyo kinyume. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilitungwa katika Kenya sheria ya kuzidisha mazao. Mkulima aliahidiwa malipo ya chini kwa kila eka ya mahindi au ngano, hata kama mavuno yangeharibika, na alipewa fedha za kuvunja ardhi mpya ambayo haijapata kulimwa. Siku zile mashamba ya hapa yalikuwa yametengwa kwa walowezi wa Kizungu, na fedha hizo zilikuwa zao. Mwafrika alikuwa kibarua katika shamba. Ninayataja haya ili mwone kwamba jembe halikuingia katika nyika na mabonde kwa nguvu ya mkulima peke yake. Lilisukumwa na fedha ya Serikali.

Hata leo ruzuku ipo. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuuza mbolea ya ruzuku kwa Shs. 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka 2023 bei ikateremshwa hadi Shs. 2,500. Ni msaada mwema, na wakulima wengi wa hapa waliupokea kwa furaha. Lakini angalieni: mwana wa nne wa mzee wetu, akikausha kinamasi na kukilima, huwa na eka tatu zaidi za kutia mbolea hiyo. Akikiacha, fungu lake la ruzuku hupungua. Hivyo, pasipo kukusudia, msaada humwendea avunjaye na kumpita atunzaye.

SHERIA INASEMAJE?

Kenya iliingia katika Mapatano ya Ramsar mwaka 1990. Mapatano hayo yalifanywa katika mji wa Ramsar, nchini Iran, tarehe 2 Februari, 1971, na ndiyo sababu siku hiyo kila mwaka ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani. Kisha ikaja Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, na chini yake zikatungwa kanuni za mwaka 2009 juu ya vinamasi na kingo za mito. Kanuni hizo zaagiza kwamba ukingo wa mto ulindwe kwa upana usiopungua mita 6 wala usiozidi mita 30 kila upande, kwa kadiri ya mto wenyewe. Tena zaweka wajibu juu ya kila mwenye ardhi iliyo na kinamasi, au iliyopakana nacho, akizuie kisiharibike. Hiyo ndiyo amri, nayo mmekwisha kuisikia.

Sasa isikieni ahadi. Sheria ile ile ya mwaka 1999 yasema kwamba mahakama yaweza kuweka juu ya shamba la mtu kizuizi cha kulinda mazingira, yaani amri ya kwamba sehemu fulani isilimwe, isikaushwe, au isijengwe, kwa miaka kadhaa au kwa daima. Na mwenye shamba, ambaye matumizi ya ardhi yake yamepunguzwa na amri hiyo, ana haki ya kuiomba mahakama imlipe fidia kwa kadiri ya hasara aliyoipata. Zaidi ya hayo, kifungu kingine chatoa nafasi kwa Waziri wa Fedha kupendekeza nafuu za kodi na misaada mingine kwa wale watunzao mazingira.

Kwa hiyo mtu akiwaambieni kwamba kulipwa kwa ajili ya kinamasi ni ndoto, mwambieni mlango upo katika sheria. Ila mlango huo ni mwembamba. Kwenda mahakamani ni kazi ya wakili na ya siku nyingi, na mtu mwenye eka tano aghalabu hawezi. Kenya haina mpango wa taifa zima wa kumlipa kila mkulima, mwaka hata mwaka, kwa kinamasi alichokiacha salama.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Katika Uingereza, Serikali ilikuwa ikiwasaidia wakulima kwa fedha ili wakaushe mabonde ya maji. Baadaye watu waliona hasara yake, na mwaka 1985, katika malisho ya Halvergate upande wa mashariki, wakulima walianza kulipwa pauni 50 kwa eka ili waendelee kulisha ng'ombe wasiilime ardhi ile. Mwaka huo huo wa 1985 Marekani ilitunga sheria kwamba mkulima akikausha kinamasi na kupanda mazao ndani yake atanyimwa misaada ya Serikali. Na mwaka 1990 ikaongeza mpango wa kuwalipa wakulima waliokubali kuvirudisha vinamasi vyao kama vilivyokuwa. Mkono mmoja ulizuia, na mkono mwingine ukalipa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Kenya, tangu mwaka 2000, wenye mashamba wa Kitengela, kusini ya Hifadhi ya Nairobi, walilipwa dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasilime, wala wasiuze ardhi, wanyama wapate kupita. Malipo yalipangwa yafike wakati wa kulipa karo za shule, na wengi walisema kwamba hilo ndilo lililowafaa zaidi. Walakini mpango huo ulitegemea fedha za wafadhili, nazo zilipokwisha, malipo yalikoma. Ua ukazungushwa na viwanja vikauzwa.

Katika bonde la Malewa, yatokako maji ya Ziwa Naivasha, jambo kama hilo lilijaribiwa. Mwaka 2010 watumiaji wa maji wa Naivasha, wakisaidiwa na mashirika ya WWF na CARE, walianza kuwapa wakulima wa huko juu hati za kununulia pembejeo, zenye thamani ya dola 17 hivi kwa mwaka, kwa kutunza udongo na kingo za mito. Dola 17 si fedha nyingi. Lakini wakulima walipata pia majani ya kulishia ng'ombe, na shamba lisiloporomoka, na faida hiyo ilizidi ile hati yenyewe. Hapo twaona jambo kubwa: aliye chini alimlipa aliye juu.

Na kwa habari ya kama malipo hufaa kweli, jirani zetu wa Uganda wametupa ushahidi. Kati ya mwaka 2011 na 2013, katika wilaya za Hoima na Kibaale, wenye misitu katika vijiji 60 waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wasipokata miti. Vijiji vingine 61 havikuahidiwa kitu. Baada ya miaka miwili, vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti yao. Vile vilivyolipwa vilipoteza asilimia 4.2. Malipo hayakukomesha ukataji, lakini yaliupunguza kwa zaidi ya nusu. Habari ile ni ya misitu, lakini moyo wa mkulima ni ule ule, awe na msitu au awe na matete.

Hapa kwetu umeanzishwa Mfuko wa Maji wa Eldoret-Iten, unaofuata mfano wa mfuko wa Tana ya Juu na Nairobi wa mwaka 2015. Shabaha yake ni kwamba watumiaji wakubwa wa maji watoe fedha, na fedha hizo zirudi huko juu kuwasaidia wakulima kutunza udongo, misitu na vinamasi. Hii ni mbegu njema. Yafaa tuitunze, na yafaa pia tuiulize maswali.

FIDIA, RUZUKU AU UJIRA?

Niruhusuni sasa niseme kama mfasiri. Katika kazi yangu nimekutana na maneno matatu, na watu huyachanganya. La kwanza ni fidia. Fidia hulipwa mtu aliyepata hasara, na ikiisha kulipwa, mambo yamekwisha. La pili ni ruzuku. Ruzuku ni msaada. Atoaye aweza kutoa mwaka huu na mwakani asitoe, na apokeaye hana la kusema. La tatu ni ujira. Ujira ni haki ya mtu aliyefanya kazi.

Mimi naona kwamba mkulima atunzaye kinamasi anafanya kazi. Anazuia ng'ombe wasikanyage chemchemi. Anawakataza wafyatuao matofali. Anang'oa mikaratusi inywayo maji kupita kiasi. Anaweka akiba ya maji ya watu wengine. Basi malipo yake yasiitwe sadaka, bali yaitwe ujira. Na ujira una masharti pande mbili: mlipaji hana ruhusa ya kuchelewesha, na mlipwaji hana ruhusa ya kudanganya.

Kwa hiyo mpango wowote utakaoletwa kwenu, utazameni kwa mambo manne. Kwanza, je, kinamasi kimepimwa na mipaka yake kuandikwa? Pasipo kipimo, ugomvi hauna mwisho. Pili, je, yuko mtu wa kukagua kabla ya fedha kutolewa? Alipwe aliyetunza, si aliyeahidi tu. Tatu, je, malipo yatafika wakati ufaao, yaani wakati wa karo au wa kununua mbegu? Nne, na hili ndilo kubwa, je, fedha zinatoka wapi? Zikitoka kwa mfadhili peke yake, kumbukeni Kitengela. Zikitoka kwa wale wanaokunywa maji, zitadumu kadiri maji yanavyonywewa.

Wako watakaopinga. Watasema, "Tukimlipa mtu ili aitii sheria, kesho kila mtu atadai alipwe asiibe." Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Lakini kuiba ni kuchukua cha mwenzako. Kuacha eka tatu zako mwenyewe ni kumpa mwenzako. Sheria yaweza kumkataza mtu asiharibu, nayo yapasa imkataze. Lakini amri peke yake haijapata kulinda kinamasi usiku, wakati askari wa mazingira amelala na mwenye shamba yuko macho na jembe lake.

TUFANYE NINI SASA?

Msiende nyumbani mkangoja fedha. Akiba haiozi, na kinamasi kilichokwisha kukaushwa ni vigumu kukirudisha: udongo wake mweusi hukauka, hupasuka na kushuka, na mavuno mema ya miaka ya kwanza hayadumu. Kwa hiyo nawashauri hivi.

Ingieni katika vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Mtu mmoja akidai malipo husikiwa kama mlalamikaji. Bonde zima likidai, husikiwa kama mshirika. Pili, wakati wa kugawa shamba, wazee, msimpe mwana mmoja kinamasi chote. Kiacheni kiwe cha ukoo, au mpeni huyo wa bondeni eka za juu za kumfidia. Haki na ianze nyumbani kabla hatujaidai kwa Serikali. Tatu, kitumieni kinamasi pasipo kukiua: kateni nyasi za ng'ombe kwa zamu, tundikeni mizinga ya nyuki pembeni, chimbeni bwawa la samaki kando yake wala si ndani yake. Nne, pandeni miti ya kienyeji ukingoni, wala si mikaratusi.

Na ninyi mlio mjini, mlio na mifereji ndani ya nyumba, nina neno moja kwenu. Siku mtakapoambiwa kwamba senti chache za hesabu yenu ya maji zinakwenda kwa mkulima wa Kaptagat au wa Cherangani, msinung'unike. Hamjaibiwa. Mmelipa deni.

Nami namrudia yule mwana wa nne wa mzee wetu. Hadi leo hajajibiwa sawasawa. Amesimama bondeni, mkononi ana jembe, na mbele yake ni matete na korongo wawili. Huko mjini watu wanateka maji. Hatuwezi kumwomba asimame hapo daima kwa ajili yetu, wakati watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ama tumlipe, ama tusishangae siku tutakapofungua mfereji na kusikia upepo.